Pasaka Ipuli, kando ya njia ya misafara

Katika ziara zetu za kuvitembelea vikundi vya akina mama tumekwisha kuwaletea habari za mahali pengi, lakini ni mara chache tumerudi nyumbani tukiwa tumefundishwa kuliko tulivyofundisha. Safari ya Ipuli ilikuwa ya namna hiyo. Tulikwenda na somo lililoandikwa vizuri kwenye daftari, juu ya Ufalme wa Mungu na tumaini la Mkristo, na somo lile hatukulimaliza.

Ipuli ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora. Tulikuwa wanne: wawili Walutheri, mmoja Mkatoliki, na mmoja wa Moravian ambaye ndiye aliyetutafutia mwaliko. Tulifika kwa treni ya Reli ya Kati, reli ile ile iliyoingia Tabora mwaka 1912 wakati wa Wajerumani, baada ya kukaa njiani zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa Jumatano kabla ya Pasaka. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, mahindi yamekomaa, na mbele ya kila nyumba palikuwa na mtu anayechemsha karanga mbichi. Miembe ya Tabora haikuwa na maembe majira hayo, lakini kivuli chake hakina msimu. Wenyeji hupenda kusema kwamba miembe mingi ya njia hii iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara. Kama ni hivyo, watu wale waliofungwa mizigo mabegani walituachia zawadi bila kujua.

Mwenyeji wetu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alitupokea kwa “Mwangaluka!” na tulipoitikia kwa namna yetu ya pwani alicheka mpaka akashika kiuno. Akatuonyesha bomba uani kwake. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora miaka ya karibuni, na mama huyu, aliyelea watoto sita kwa maji ya kisima cha mbali, bado hulifungua bomba lile kwa adabu, kana kwamba linaweza kughairi.

Alasiri ya Alhamisi tulikaa chini ya mwembe, akina mama wapatao ishirini na watano, wengine na watoto mgongoni. Tulianza na neno lenyewe, ufalme. Tuliuliza: Mnyamwezi wa zamani aliposikia kwamba Mungu ana ufalme, alielewa nini? Hapo hapakuwa na haja ya daftari. Mama mmoja mzee alisema, “Mtemi.” Mwingine akasema, “Na ikulu yake.” Ni kweli kwamba neno hili ikulu, ambalo leo kila Mtanzania hulitumia kwa makao ya Rais, limetoka huku kwa Wanyamwezi na Wasukuma: ndiyo makao ya mtemi. Wazee hueleza kwamba mtemi ni mwenye kutema, yaani mwenye kukata shauri. Watemi wa Tanganyika walipoteza mamlaka yao ya utawala kwa sheria ya mwaka 1963, lakini picha ya utemi haijafutika vichwani mwa watu.

Akina mama wazee walitusimulia mambo mawili ya utemi. La kwanza ni moto. Mtemi mpya aliposimikwa, moto wa zamani ulizimwa katika nchi na moto mpya ukawashwa ikulu, kisha watu wakauchukua kutoka huko kwenda kupikia kwao. Kwa hiyo kila chungu kilichochemka kilikuwa kinachemka kwa moto wa mtemi. La pili si la kupendeza. Wasafiri waliopita hapa karne ya 19 waliandika kwamba mtemi mkubwa alipokufa, watumwa walizikwa pamoja naye, na miongoni mwao wanawake. Mama aliyetaja jambo hili alilisema kwa sauti ndogo, halafu akanyamaza kidogo, akasema, “Huyu wa kwetu alizikwa peke yake.” Hakuongeza neno. Sisi tuliokuja kufundisha tulitazamana. Tumesikia mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu, lakini hatukumbuki kama tumewahi kusikia msalaba ukielezwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Basi tukaingia kwenye sura ya 21 ya Ufunuo: mji mpya, machozi yanayofutwa, mauti isiyokuwapo tena. Tulikuwa tumefika kwenye milango ya mji ule wakati mama mmoja auzaye mboga sokoni aliponyosha mkono.

“Samahani mama zangu,” alisema. “Mji huo nimeusikia tangu nikiwa msichana, na naupenda. Lakini mimi nataka kujua, bibi huyu atalala wapi wiki ijayo?”

Wote waligeuka kumtazama bikizee mmoja aliyekaa mwisho wa mkeka, karibu na shina la mwembe, kitenge chake kimefunika nusu ya uso. Tulikuwa hatujamwona vizuri. Sasa tulimwona, na tuliona macho yake.

Msomaji wa mikoa mingine huenda asielewe, kwa hiyo inatubidi tueleze. Kwa miaka mingi mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza imekuwa na habari za kusikitisha za vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Mtoto akiugua, mvua ikikosa, ng'ombe akifa, mganga wa ramli hutaja jina, na mara nyingi jina hilo ni la mwanamke mjane, mzee, mwenye macho mekundu. Na macho mekundu hutoka wapi? Yanatoka jikoni. Mwanamke aliyepikia kuni katika kibanda kisicho na dirisha kwa miaka hamsini, akaongeza juu yake kazi ya kuchochea moto usiku kucha katika mabani ya kukaushia tumbaku, atakuwa na macho ya namna gani? Amewapikia watu wote wa nyumba ile mpaka macho yakawa mekundu, kisha wekundu ule ule ukawa ushahidi dhidi yake. Kwa kweli tunapoandika haya mkono unakuwa mzito.

Bibi huyu alitoroka kijiji chake usiku, miezi mingi iliyopita, baada ya kukuta alama imechorwa mlangoni. Akaja Tabora mjini kwa mjukuu wake mmoja, na akina mama wa kikundi wakampangia chumba Ipuli. Walikuwa wanachangia kodi kila mwezi. Sasa maneno kutoka kijijini yalikuwa yamemfikia mwenye nyumba kwa njia ya simu. Hakumfukuza kwa ukali. Alisema tu kwamba baada ya Pasaka atahitaji chumba chake.

Palifuata mazungumzo marefu. Mama mmoja alisema kwamba sisi hapa duniani ni wapitaji tu, kwa hiyo tumwombee bibi awe na subira. Alisema kwa nia njema. Lakini mwenyekiti wetu alimjibu kwa mfano ambao hatutausahau. Alisema babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wakashuka na vitambaa na shanga, na watu wote wa pwani waliwaona kama watu wa njiani. “Lakini mvua zilipokaribia,” alisema, “mawazo yao yalikuwa nyumbani, kwenye jembe. Alijua kwamba anapita, na bado alipanda. Mpitaji asiyelima atakula nini?”

Mmoja wetu, yule Mkatoliki, aliongeza habari za Adrian Atiman, na akina mama wengi walikuwa hawajazisikia. Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi, kutoka nchi ya mto Niger, aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1888 alitoka pwani ya Afrika Mashariki kuelekea bara, akaenda Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu na kufundisha dini hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Yeye naye alitumaini mbingu, lakini kwa miaka zaidi ya sitini alifunga vidonda vya watu waliokuwa mbele yake.

Jioni ile tulialikwa kula kwa bibi. Yatupasa tuseme ukweli juu ya chakula hicho, ingawa ni aibu. Alikuwa amepika ugali, na mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo huku huitwa nsansa, ameyaunga kwa karanga vizuri kabisa. Tulinawa. Tuliomba. Kisha mikono yetu ikawa mizito. Sote wanne tumesoma, sote tumeokoka, sote mchana tuliwalaumu wanaoamini uchawi. Lakini tulipoiona ile bakuli, na yale macho upande wa pili wa moshi, kila mmoja alikata tonge dogo na kusema ameshiba karanga za mchana. Mwenyekiti alikula vizuri, kimya kimya. Bibi naye alikula. Hakutushurutisha, akafunika mboga iliyobaki kwa sahani, kama mtu aliyezoea kufunika mboga iliyobaki.

Tulirudi kulala, hakuna aliyezungumza.

Ijumaa Kuu tulishinda kanisani. Wamoraviani wana desturi ya kukusanyika kila siku ya juma hili na kusoma habari za mateso ya Bwana kwa mfululizo, tukio baada ya tukio, bila maelezo mengi. Tuliipenda. (Tulijifunza pia kwamba wao husema ushirika pale sisi Walutheri tusemapo usharika, na Mkatoliki wetu akasema kwao ni parokia, na kwamba mbinguni bila shaka hapatakuwa na kamati ya kuamua neno lipi litumike.)

Jumamosi mwenyekiti alisema tusiondoke Tabora bila kuona Kwihara. Ni kilometa chache tu kutoka mjini, upande wa kusini-magharibi. Tulikodi bajaji mbili, na bibi tukamchukua, kwa sababu hakuna aliyetaka abaki peke yake chumbani.

Kwihara lipo tembe la Dkt. David Livingstone. Nyumba ya asili ilibomoka, hii ya sasa imejengwa upya kwa mfano wa ile: kuta nene za udongo, vyumba vimezunguka ua, mlango wa nakshi kama ile ya pwani. Ndani mna nakala za barua, picha na ramani. Livingstone na Stanley walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki kungoja wapagazi ambao Stanley angewatuma. Alingoja mpaka Agosti. Ukikaa katika ua ule saa sita za mchana, nzi wakilia na kivuli kikihama polepole ukutani, unaelewa miezi mitano ni kitu gani. Tabora ni mji wa kungoja: misafara ilingoja hapa wapagazi, treni hungojana hapa kwenye njia panda ya Kigoma na Mwanza, na mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikaa hapa kuamua kama waingie katika uchaguzi wa kura tatu au wasusie, wakaingia.

Mambo hayo ya Livingstone yameandikwa na wengi. Sisi akina mama tulitaka kujua aliyekuwa anampikia. Naye anajulikana. Aliitwa Halima. Alikuwa mtumwa, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara. Katika shajara yake Livingstone ameandika kwamba Halima aligombana na mwanamke mwingine wa msafara, Ntaoeka, akakimbia. Mzee wa watu akaandika barua ya kumtafuta. Kumbe Halima alikuwa amekwisha kurudi mwenyewe, anangoja tu nje, ili bwana mkubwa atoke na kumwambia aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, akamwonya wasigombane tena, akampa nguo ya kujifunika baridi ili ajue kwamba hana kinyongo naye. Kisha anaandika sifa zake: mwangalifu, mwerevu, haibi, wala hamruhusu mumewe kuiba. Na anaandika ahadi. Atampa uhuru, na wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Mwenyekiti alikuwa anamfasiria bibi maneno haya kwa Kinyamwezi. Bibi aliuliza swali moja: “Akapata?”

Tulilazimika kumwambia. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872 akiwa na Halima katika msafara, akaenda kusini, akafa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwezi Mei 1873. Hakufika Unguja, na ahadi aliyoiandika hakuitimiza. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, na Halima miongoni mwao, waliukausha mwili wake na kuuchukua. Walipita tena hapa Unyanyembe mwezi Oktoba 1873. Mzungu mmoja, Luteni Cameron, aliwashauri wamzike hapa hapa, wasijitaabishe. Walikataa. Waliendelea mpaka Bagamoyo, na mwezi Aprili 1874 Livingstone akazikwa katika Abasia ya Westminster, London. Juu ya kaburi lake yameandikwa maneno yaliyotoka katika barua aliyoiandika akiwa huku Unyanyembe, akiwaombea baraka wote watakaosaidia kukomesha biashara ya watumwa. Ni maneno mema. Lakini tulipokuwa tumesimama pale uani, swali la bibi lilikuwa kubwa kuliko kaburi la Westminster.

Hatutaki kumsema vibaya mtu aliyekufa. Bila shaka alikusudia kutenda, na mauti ikamwahi. Hiyo ndiyo hali ya ahadi zetu wanadamu, hata za wema: hufa pamoja na aliyeahidi. Na hapo ndipo tulipoona tofauti ambayo daftari letu halikuwa nayo. Tumaini la Mkristo limejengwa juu ya ahadi ya mmoja aliyekufa kweli, akazikwa, na mauti haikuweza kuizuia ahadi yake.

Jioni, taa ikiwa imewashwa, tulisoma Isaya 65. Nabii anaeleza mbingu mpya na nchi mpya, na tulitazamia mambo makubwa ya mawinguni. Lakini tazama anataja nini katika aya ya 21 na 22: watu kujenga nyumba wakakaa ndani yake wao wenyewe, na kupanda mashamba wakala matunda yake, wala si mmoja kujenga na mwingine akakaa. Nyumba na bustani! Mama wa mboga akapiga magoti yake kwa viganja. “Kumbe Mungu anajua,” alisema. Mmoja wetu akakumbuka Yeremia 32, jinsi nabii alivyonunua shamba kule Anathothi kwa fedha taslimu, na hati, na mashahidi, wakati yeye mwenyewe amefungwa na adui amezingira mji. Watu walimwona amerukwa na akili. Yeye alikuwa anaonyesha kwamba anaamini kesho ya Mungu, na alionyesha kwa kulipia.

Usiku ule, kabla ya kulala, tulikwenda kwa bibi tukampigia magoti, tukamwambia habari ya lile tonge. Alitusikiliza mpaka mwisho.

“Niliona,” alisema. “Wanangu, mimi siogopi kufa. Naogopa kufa hali nimeitwa jina lile. Nitazikwa na nani? Hata watani hawatakuja.”

Neno hili nalo lahitaji maelezo. Wanyamwezi wana utani na makabila mengi ya njiani, kama Wagogo na Wazaramo, na inaaminika kwamba mwingi ulikua katika safari za misafara, watu wakifa mbali na ndugu zao na kuzikwa na wageni. Mtani huja msibani, hutania, husaidia kazi za mazishi, huwachekesha wafiwa katikati ya machozi. Kuzikwa pasipo mtani ni kuzikwa kama mtu asiyekuwa na njia. Mmoja wetu baba yake ni Mgogo. Akasema, “Bibi, mimi ni mtani wako. Nakuahidi kwamba nitakuja, nami nitakusema vibaya sana.” Ndipo kwa mara ya kwanza tukamwona bibi akicheka. Meno yalikuwa mawili.

Alfajiri ya Pasaka tuliamshwa saa kumi. Desturi hii ya Wamoraviani ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ambapo kundi la vijana lilikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza, wakaimba wakimngoja Bwana mfufuka. Mwaka huo huo kanisa lao lilituma wamisionari wake wa kwanza, nao walikwenda kwa watumwa wa visiwa vya Karibi. Katika Unyamwezi Wamoraviani walianza mwaka 1898, walipopokea kituo cha Urambo kutoka kwa misioni ya London. Tangu Herrnhut mpaka Tabora, ibada ni ile ile: unamngoja Bwana kati ya wafu wako.

Kulikuwa na baridi na umande. Tarumbeta zilipigwa gizani, kwanza mbali, kisha karibu, na watu walitoka katika njia zote, mmoja mmoja, wengi na vitenge kichwani. Hapakuwa na mazungumzo. Akina mama wa Ipuli walikuja na bibi katikati yao, mmoja kulia na mmoja kushoto. Tuliona watu wakimtazama. Tuliona pia mwanamke mmoja akimvuta mtoto wake upande wa pili, na hatukuwa na haki ya kumhukumu, sisi wa lile tonge.

Mchungaji alisoma, watu wakajibu. Majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita yalitajwa, nayo yalikuwa mengi, na katika kila jina palisikika kilio kidogo mahali fulani gizani. Kisha mashariki ikaanza kupauka, halafu nyekundu. Misalaba ikaonekana, na vilima vya udongo, vingine vipya bado. Tulitazama nyuso. Sote tulikuwa na macho mekundu, kwa usingizi, kwa baridi na kwa kulia. Katika mwanga ule usingeweza kumchagua bibi kati yetu. Jua lilipotokeza tarumbeta zilipanda juu, watu wakaanza kuimba kwa nguvu, na yule mama aliyemvuta mtoto alikuwa anaimba kama wengine.

Bibi alimwuliza mwenyekiti jambo sikioni. Baadaye tuliambiwa aliuliza kama upande ule wa mwisho, penye miti, bado pana nafasi.

Tuliporudi tulikunywa chai kwa mwenyekiti, mihogo ya kuchemsha na ile nsansa ya bibi iliyopashwa moto, na safari hii hatukuacha kitu katika bakuli. Kisha, kabla vyombo havijaoshwa, akina mama walifanya mkutano wao. Sisi tulikaa pembeni. Mwenyekiti alitoa kipande cha kiwanja chake, upande wa nyuma, chumba kimoja na mahali pa bustani. Mumewe alikuwapo na alikubali mbele ya wote, na wakaafikiana iandikwe hati kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi watie sahihi, isije ikawa neno la mdomo tu likafa na msemaji. Kila mama aliahidi matofali hamsini ya kuchoma au fedha yake. Mama wa mboga aliahidi sabini, halafu akasema loo, nimesemaje, na watu wakacheka, lakini hakupunguza. Yule mama aliyekuwa ametaka bibi aombewe subira aliahidi mlango. Mama mmoja alisema chumba kiwe na dirisha kubwa upande wa jiko, moshi utoke. Hoja hiyo ilipita bila mjadala.

Kuhusu mwenye nyumba, walituma wawili wakazungumze naye. Alikubali kungoja mpaka mwezi Julai.

Tuliondoka Jumanne. Mwezi Juni tulipata ujumbe wa simu kutoka kwa mwenyekiti. Kuta zimefika kwenye lenta. Mlango umekuja, nao ni wa mninga. Bati bado kumi na mbili. Bibi hakungoja paa: amekwisha kupanda matembele nyuma ya msingi, anayamwagilia kwa maji ya bomba asubuhi na jioni, naye anauliza yule mtani wake Mgogo atakuja lini, kwa maana amemwandalia matusi.